Kiti cha Shilingi Kumi na Tano

Nchi hii ina jina, tena zuri, lakini halitajwi hadharani. Anayelitaka aulize inboksi. Hadharani inatosha kusema kwamba watu wake ni wakarimu, bendera yake ina rangi nyingi kuliko ilivyohitaji, na maisha yake ni rahisi kuliko ya nchi nyingine yoyote chini ya jua. Urahisi huo haukubuniwa na mtu. Ulipimwa na wizara.

Mambo yalianza na muuza magodoro mmoja. Aliweka tangazo kwenye Soko la Kiganjani, lile soko la kwenye simu, akaandika bei ya kweli ya godoro. Hakuna aliyemuuliza hata "mambo". Wiki iliyofuata akaandika shilingi kumi, na hadi jioni simu ilikuwa imezima kwa wingi wa wateja. Godoro hakuliuza kwa shilingi kumi, bila shaka, hakuwa mwendawazimu. Lakini watu walikuwa wameshafika dukani, wameshavua viatu, wameshajilaza kulijaribu, na mtu akishajilaza ni kazi kumwinua kwa sababu ya bei tu.

Wauzaji wenzake walipoona hivyo nao wakafuata. Baada ya muda likawa jambo la ustaarabu, likapewa na jina: bei ya salamu. Muungwana hamrushii mgeni bei usoni kabla ya kujuliana naye hali. Anamsalimu kwa bei nyepesi, mgeni anaitikia "bado ipo?", anajibiwa "ipo bosi, karibu dukani", na kuanzia hapo bei inakua polepole kama mtoto, mpaka mteja anapofika anaikuta imeota ndevu.

Serikali, ambayo haijawahi kuacha ustaarabu upotee bure, iliunda Wizara ya Bei za Kupendeza. Kazi ya wizara ilikuwa kusoma matangazo yote ya Soko la Kiganjani na kupiga hesabu ya gharama za maisha. Hesabu zilitoka tamu ajabu. Jokofu shilingi tisa, ng'ombe wa maziwa shilingi ishirini, kiwanja chenye hati shilingi moja. Wataalamu walikuja kutoka nje, wakaonyeshwa simu, wakatikisa vichwa kwa heshima, wakarudi kwao. Na kwa kuwa maisha yalikuwa mepesi kiasi hicho, Waziri, Mheshimiwa Profesa Shomvi Mkole, aliona si haki kuendelea kuwalipa wastaafu pensheni za enzi za ughali. Pensheni zikapunguzwa ziendane na matangazo.

Miongoni mwa waliorahisishiwa maisha alikuwa Bi. Mize, mkunga mstaafu aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa wake. Nyonga zake zilikuwa zimegoma. Alishinda ndani, kitandani au kwenye kiti cha kamba, na kila alasiri aliwasikia mashoga zake wakicheka kwenye baraza ng'ambo ya barabara. Aliwasikia wakicheka, asijue wanacheka nini. Hilo lilimuuma kuliko nyonga.

"Mwanangu," alimwambia binti yake Tunu, "njaa nitaivumilia. Umbea wa kusimuliwa siwezi."

Tunu alikuwa mpambaji wa kumbi za harusi, na kwa sababu ya sauti yake kubwa na kutoona haya, alikuwa pia katibu wa kamati za harusi za mtaa mzima. Kwa kupamba na kubana matumizi alikuwa amejikusanyia laki moja na nusu, akaifunga kwenye pindo la kanga. Alijua ni kiti cha magurudumu tu kitakachomvusha mama yake ile barabara. Hakujua kinauzwaje, kwa hiyo alianzia ofisi ya pensheni kuomba waongezewe chochote.

Ofisa wa pensheni, kijana mwenye tai fupi, alimsikiliza kwa huruma kisha akamgeuzia simu. Kwenye simu kulikuwa na picha ya kiti cha magurudumu, kipya, kinang'aa, na chini yake maandishi: *Bei Chee. Shilingi 15 tu. Wahi.*

"Unaona dada? Pensheni ya mama inanunua viti vya ukoo mzima na chenji inabaki."

"Basi nipeni hicho kimoja, hela mkate kwenye pensheni yake."

"Sisi hatuuzi viti," ofisa akasema kwa upole. "Sisi tunatoa hesabu."

*

Duka la Bei Chee lilikuwa la kijana aitwaye Sudi. Alikuwa mchangamfu, na kila aliyeingia alimwita bosi, hata paka.

"Kiti kipo, dada yangu, ndicho hiki. Kikalie kwanza."

Tunu hakukikalia. Alikuwa amekulia nchi hii. "Tangazo linasema kumi na tano."

"Salamu hiyo, dada. Nami nakuitikia salama. Sasa tuje kwenye kiti. Kiti peke yake laki moja na themanini."

"Peke yake bila nini?"

"Bila magurudumu." Sudi alisema hivyo bila kupepesa macho. "Magurudumu ni laki moja na hamsini, maana ni manne. Breki zinajitegemea. Hapo mto wa kukalia sijautaja, sipendi kukuchosha. Jumla fanya laki nne, kwa kuwa ni wewe."

Tunu alitazama kile kiti. Kilikuwa kizuri kweli, kikiwa na pa kuwekea miguu na vishikio vilivyovishwa mpira. Alimwona mama yake juu yake, kanga imefungwa vizuri, anavushwa barabara. Pindo la kanga lilimwasha kiunoni. Lakini anayetaja hela yake mapema hurudi nyumbani mikono mitupu, na kila mtu nchi ile alilijua hilo, maana hata wanunuzi wana salamu zao.

"Nina elfu arobaini," alisema.

Sudi alicheka kwa adabu na kumsindikiza hadi mlangoni. "Ukizipata nyingine nitafute inboksi, dada."

Njiani Tunu alilia kidogo. Alijifuta machozi mapema, kwa kuwa alasiri hiyo alikuwa na kikao.

*

Kikao kilikuwa cha harusi ya mpwa wa fundi bomba. Kama ilivyo desturi, wajumbe walikaa kwenye viti vya plastiki, wakanywa soda, na mmoja mmoja akasimama kutaja mchango wake. Taslimu hakutoa mtu. Zilitoka ahadi. Shemeji wa bwana harusi, ambaye bado alikuwa akikwepa simu za harusi tatu zilizopita, alisimama akaahidi ng'ombe. Makofi yalilia, wanawake wakapiga vigelegele, na mshereheshaji akatangaza kwa kipaza sauti kwamba ng'ombe amepokelewa. Ng'ombe mwenyewe hakuna aliyemwona wala kumtarajia. Katika nchi ile ahadi ikishapigiwa makofi imeshapokelewa, na kumrudishia mtu mdomoni ni kumvunjia heshima.

Tunu alikuwa ameinua kalamu amwandike yule ng'ombe. Kalamu ikaganda hewani. Kisha akaanza kutabasamu, na mwenyekiti, aliyemfahamu tangu utotoni, akaingiwa na wasiwasi.

Kesho yake kamati nzima iliingia dukani kwa Sudi, wajumbe, mshereheshaji na kipaza sauti chake. Sudi alifurahi kuwaona mabosi wengi hivyo kwa mpigo.

"Kaka Sudi," Tunu akasema, "ile bei yako ya jana, pamoja na magurudumu na breki?"

"Laki nne, dada. Na mto wake, nne na nusu."

Tunu alipokea kipaza sauti, akasimama wima, akakohoa kidogo kama wafanyavyo watu wazito. "Mwenyekiti, ndugu wajumbe, na wewe mwenye duka. Mimi Tunu, kwa niaba ya familia ya Bi. Mize, kwa ajili ya kiti hiki, ninaahidi laki tano."

Makofi yalipasuka. Vigelegele vikajaa duka hadi paka akatoka nje. Mshereheshaji alitangaza kwamba laki tano zimepokelewa kwa moyo mkunjufu, na kuwaomba wageni wapishe njia kiti kipite. Kiti kikapita. Kilikuwa kimeshafika kona ya barabara ndipo Sudi alipotazama viganja vyake na kugundua kwamba naye alikuwa akipiga makofi.

*

Siku hiyo Bi. Mize alivushwa barabara. Mashoga zake walimpokea kwa kelele, wakamsogezea kahawa, wakaanza kumweleza mambo yote yaliyompita, wote kwa pamoja, mpaka akawaamuru wasimulie mmoja mmoja kwa mfuatano wa ndoa zilizovunjika. Alicheka hadi akashika mbavu. Tunu aliwaangalia kutoka upande wa pili, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu pensheni ikatwe.

Sudi akaenda mahakamani.

Kesi ilijaza watu. Hakimu, mtu mrefu mwenye kusema taratibu, alimtaka Sudi aeleze.

"Mheshimiwa, huyu dada amechukua kiti changu bila kulipa."

"Alilipa nini?"

"Ahadi, Mheshimiwa."

"Ilipigiwa makofi?"

Sudi aliinamisha kichwa. "Ilipigiwa. Hata mimi nilipiga. Lakini nilipiga kwa mazoea, mikono ilitangulia."

"Na wewe tangazo lako lilisema bei gani?"

"Kumi na tano, Mheshimiwa. Ila hiyo ilikuwa salamu."

Hakimu aliona jambo limemzidi kimo, akaomba ushauri wa kitaalamu kutoka Wizara ya Bei za Kupendeza. Waziri alifika mwenyewe, Profesa Mkole, na msafara wa magari ambayo yote yalinunuliwa, kwa mujibu wa matangazo, kwa shilingi mia mbili.

Tunu aliruhusiwa kumuuliza swali. "Mheshimiwa Waziri, bei isiyo ya kweli ni bei?"

"Ni bei kamili," Waziri akajibu. "Ndiyo msingi wa takwimu zetu zote."

"Na malipo yasiyo ya kweli, je, ni malipo?"

Waziri alitafuta leso mfukoni. Akisema si malipo, ataulizwa kwa nini basi ile ni bei. Na ile isipokuwa bei, maisha yatapanda usiku mmoja, pensheni zitadai zirudishwe, na wale wataalamu wa nje watataka kurudishiwa zile heshima zao. Alifuta jasho kwa leso yenye rangi za taifa.

"Ndugu wananchi," alisema hatimaye, maana hakujua kujibu swali bila kuhutubia, "taifa hili halikujengwa kwa pesa. Pesa hatukuwahi kuwa nazo. Barabara ya kaskazini ni ahadi. Hospitali ya rufaa ni ahadi, na jiwe lake la msingi nimeliweka mimi mwenyewe, mara tatu. Mimi niliyesimama hapa nilichaguliwa kwa ahadi. Nani atathubutu kusema ahadi si malipo?"

Hakuna aliyethubutu. Hakimu akaamua kwamba bei ya salamu hulipwa kwa ahadi ya makofi, na kiti ni mali halali ya Bi. Mize. Sudi aliangalia hukumu hiyo ikipigiwa makofi, na safari hii alikalia mikono yake.

*

Uamuzi ulienea kuliko homa. Wapangaji waliwaahidi wenye nyumba kodi ya miaka kumi, na wenye nyumba waliwaahidi mafundi paa jipya. Wachuuzi wa mchicha walikuwa wa kwanza kuacha kupiga makofi. Wakafunga mikono kifuani ili ahadi isipokelewe, wakauza kwa taslimu tu. Mamlaka ya mapato ilitangaza kwamba makusanyo yamevunja rekodi zote, kwa kuwa kila mlipakodi aliahidi zaidi ya alichodaiwa, tena kwa furaha. Mwisho wa mwezi Hazina ilifunguliwa, ikakutwa na hewa safi. Watumishi wa wizara walikusanywa uwanjani wakaahidiwa mishahara, na yule ofisa wa tai fupi alipiga makofi mpaka viganja vikavimba, halafu akaenda nyumbani kwa miguu.

Duka la Sudi nalo lilikuwa linaishiwa. Kila siku kamati fulani iliingia na kipaza sauti. Alikuwa ameahidiwa mamilioni na kilichomzuia kulala njaa ni huruma ya mama muuza chai. Alasiri moja alivuka barabara, akasimama mbele ya baraza ambapo Bi. Mize alikuwa ameketi kwenye kile kiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mpeni kahawa."

Sudi akakaa. Alikinywa kikombe chote kabla hajasema. "Bibi, sikuja kugombana. Nimekuja kuomba. Nilipwe chochote cha kile kiti, nimebakiwa na kidogo sana."

Bi. Mize alimtazama usoni. Alikuwa ametazama watu wengi siku yao ya kwanza duniani, na hakuwa mwepesi wa kuwachukia. "Hiki kiti," alisema, "bei yake ya kweli ni ngapi?"

Sudi aligeuka kushoto na kulia. Tangu afungue duka hakuwahi kuulizwa swali hilo, na aliona haya kama aliyeambiwa avue shati sokoni. Mwisho akainama, akamnong'oneza bibi sikioni.

"Laki na nusu?" Bi. Mize akarudia kwa sauti. "Pamoja na magurudumu?"

"Pamoja na kila kitu. Na faida yangu ndogo imo."

Tunu alikuwa amesimama mlangoni ng'ambo ya barabara na alisikia vizuri. Alivuka, akafungua pindo la kanga, akamwekea Sudi zile noti mkononi. Zilikuwa zimechukua umbo la kiuno chake.

"Zilikuwa hapa siku ile ile," alisema. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie Sudi au ajikasirikie mwenyewe. "Ungeandika laki na nusu ningekuja nayo, nikakulipa, mama akatoka nje siku hiyo hiyo."

"Ningeandika laki na nusu, dada, usingelifungua tangazo langu. Jirani yangu kaandika kumi na mbili. Na wewe si ulisema una arobaini?"

Tunu alilifunga upya lile pindo tupu. Sudi alizisogeza noti puani, akazinusa taratibu kwa macho yaliyofumbwa, na mashoga wa Bi. Mize wakageuza nyuso zao ili wasimwaibishe.

*

Pengine ni ile harufu iliyomlevya. Asubuhi yake Sudi aliweka tangazo la viti vilivyobaki: *Shilingi 150,000. Bei ndiyo hiyo.*

Kabla ya adhuhuri mtaa ulikuwa umechafuka. Watu walionyeshana simu kwa hofu. Kama salamu yenyewe ni laki na nusu, walisema, hiyo bei ya dukani si itaua mtu? Kule wizarani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kiti kimoja kilikuwa kimeingia kwenye hesabu za taifa na kupandisha gharama za maisha kuliko vita viwili na ukame. Alasiri Sudi akakamatwa kwa kosa la kuwatisha wananchi kwa bei.

Bi. Mize alipopata habari alikuwa barazani. Aliweka kikombe chini. "Nipelekeni mahakamani," alisema.

Walimsukuma kupita mitaa mitatu, Tunu akiwa kwenye vishikio, mashoga wakifuata nyuma kwa kanga za kutokea. Walifika wakati hakimu anasoma adhabu. Kwenye ubao wa mlangoni kulikuwa na tangazo la mahakama, kwa mwandiko mzuri: *Faini zote shilingi tano tu. Karibuni.* Lakini Sudi aliposogea kulipa aliambiwa tano ni salamu. Faini ni laki nne, gharama za kesi zinajitegemea, na nyundo ya hakimu haikuhesabiwa humo. Sudi alisimama pale kizimbani, mdogo kuliko siku zote, na hakumwita mtu yeyote bosi.

"Mheshimiwa Hakimu," ikasikika sauti kutoka nyuma. Watu wakapisha kiti kipite. "Mimi Bi. Mize, mkunga, niliyekupokea wewe mwenyewe ukitanguliza miguu. Kwa ajili ya kijana huyu aliyethubutu kusema bei, ninaahidi milioni moja."

Ukumbi mzima ulilipuka. Vigelegele vya mashoga vilitikisa madirisha, makarani walisimama, na Waziri, aliyekuwa mstari wa mbele, alikuwa ameshapiga makofi mara nne kabla ya kukumbuka yuko upande gani. Hakimu alijitahidi. Alishika nyundo kwa mikono yote miwili ili isipate nafasi ya kupiga makofi. Lakini katika kelele zile nyundo yenyewe ilianza kugonga meza, na mshereheshaji, ambaye sasa hakuachwa nyuma popote, akatangaza kuwa milioni imepokelewa na kijana yuko huru.

Waziri alisimama, sauti imemkauka. "Mama yetu, ili kumbukumbu ikae sawa, hiyo milioni utailipa lini?"

"Nitailipa, Mheshimiwa," Bi. Mize akasema. Alifunga kanga yake vizuri na kumwashiria binti yake ageuze kiti. "Siku mtakayonilipa pensheni ya vitu vinavyonunulika."

Hapo hakuna aliyepiga makofi. Waziri alikaa chini, akaangalia leso yake. Tunu akageuza kiti, wakatoka, na Sudi akawafuata akiwa ameshika mkoba wa bibi.

Alasiri hiyo kwenye baraza walicheka sana. Walioko majumbani waliisikia ile kelele, wakasogea madirishani kuuliza kuna nini, na wote wakaambiwa waje wakae, kwa maana Bi. Mize ndiye anayesimulia na hajafika hata katikati.